Mtihani wa Mikono

Wachumaji walimwogopa nyapara Jackton Okeyo kuliko mvua ya mawe. Mvua ya mawe huja mara moja moja, ikishapasua majani inakwenda zake, lakini Okeyo alikuja kila asubuhi, koti la mpira begani, fimbo mkononi, na sauti iliyofika kabla ya mwenyewe. Shamba lenyewe liko katika ile nchi ya chai baina ya Kericho na Bomet. Jina lake sitalitaja, maana wenye shamba wana mawakili nami sina hata mbuzi wa kuuza.

Okeyo alizaliwa hapo hapo, katika nyumba za laini, zile za chumba kimoja ambazo kampuni huwapa wachumaji. Baba yake alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akaja kuchuma chai kwa miaka michache tu apate kurudi kwao akajenge. Alichuma mpaka mgongo ukapinda, na alirudi kwao akiwa ndani ya sanduku. Okeyo akarithi kikapu chake. Lakini kikapu hakirithishi mikono. Alichuma polepole, akachanganya majani makomavu na machanga, na karani wa mizani akawa anamrudishia nusu ya mzigo mbele za watu. Alichokuwa nacho Okeyo ni koo. Meneja mmoja wa zamani aliona kwamba mtu huyu hawezi kuchuma lakini anaweza kuwafokea wanaochuma, akampa unyapara. Ndivyo vyeo vingi vinavyopatikana nchini, wala usinibishie.

Mkewe Celine ndiye aliyekuwa na mikono. Aliletwa kutoka kwao ziwani akiwa msichana mwembamba asiyejua hata mchai unafananaje, na kabla ya mtoto wao wa kwanza na wa pekee, Eddah, kuanza kutembea, hapakuwa na mchumaji wa kumfikia katika kundi zima. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, mkono wa kushoto na wa kulia kwa zamu, kisha konzi nzima inarushwa juu ya bega na kutua kikapuni bila yeye kugeuza shingo. Angeweza kuongea na jirani, kusali, hata kulia kwa habari ya msiba wa nyumbani, na mikono ikaendelea kivyake. Wakati mwingine akisinzia baada ya chakula, vidole vyake vilichezacheza juu ya kanga, na Okeyo alivikamata akimwambia, "Pumzika wewe, chai imefungwa." Hayo ndiyo yaliyokuwa mahaba yao, na Celine aliyapokea kwa kicheko kidogo. Mikono hiyo ndiyo iliyomsomesha Eddah mpaka akawa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya upili karibu na Ndanai. Koo la Okeyo halikusomesha mtu.

Sasa, ugonjwa shambani una utaratibu wake. Mchumaji hawezi kuamka tu akaenda zahanati ya kampuni. Sharti afike kwanza kwenye mstari wake, amwone nyapara, na nyapara aseme ndiyo. Akienda bila ruhusa, amehesabiwa mtoro, na mtoro wa mara nyingi hunyang'anywa hata nyumba. Kwa hiyo nyapara ndiye daktari wa kwanza, na Okeyo aliupenda udaktari wake kupita kiasi. Alikuwa amebuni kipimo chake mwenyewe. Ukimwambia unaumwa, hakuuliza wapi wala tangu lini. Alikuelekeza kwenye mchai kwa fimbo.

"Mdomo ni wa kila mtu," alisema. "Mikono ndio haidanganyi. Haya, ingia hapo uchume nione."

Mikono ikienda kwa kasi, wewe ni mzima na ni mwongo juu yake. Mikono ikisuasua, unaumwa, nenda. Okeyo aliamini kipimo hicho kama wengine wanavyoamini Biblia, na hakuona lile tundu lililokuwa wazi katikati yake. Waliomfikia wakiwa wazima walijua la kufanya. Nyabate, mama mcheshi wa kutoka upande wa Chepilat, ndiye aliyekuwa bingwa. Siku ya soko alilalamika tumbo, akausogelea mchai, akachuma kama mtu anayeokota sindano gizani, na Okeyo akatikisa kichwa kwa huruma na kumpa ruhusa. Saa mbili baadaye Nyabate alikuwa Chepilat akipatana bei ya ndizi. Walioumwa kweli ndio waliofeli. Mchumaji wa miaka mingi, hata akiwa na malaria inayomtetemesha magoti, ukimsimamisha mbele ya majani mabichi mikono itakwenda tu, kwa sababu haimngojei yeye. Mwongo alipita na mkweli akarudishwa kazini, na kila jioni Okeyo alikwenda nyumbani akiwa ameridhika kwamba hakuna aliyemchezea.

Halafu likaja lile neno.

Kampuni ilimleta mtaalamu kutoka Nairobi, kijana mwenye tai, awafunze wanyapara uongozi katika ukumbi wa shamba. Alizungumza Kiingereza kuanzia asubuhi mpaka chai ya saa nne, na kati ya yote aliyosema Okeyo alinasa neno moja tu, kwa sababu kijana alilirudia huku akipiga meza: "Never underestimate." Okeyo aliishia darasa la saba. Alilibeba neno hilo mdomoni njia nzima lisimdondoke, akafika nyumbani na kumwuliza Eddah, ambaye siku hizo bado alikuwa mwanafunzi.

"Ni kukadiria mtu ama kitu chini ya vile kiko, baba," Eddah akamwambia. "Kama ukiona mto unasema huu ni wa kuvuka tu, kumbe una kina. Ndio ile wanasema, mdharau mwiba mguu huota tende."

"Kumbe Wazungu nao wanajua mwiba," Okeyo akasema, akafurahi sana.

Tangu siku hiyo watu hawakupumua. Mwenye bodaboda akitaja nauli asiyoipenda, aliambiwa, "Don't underestimate me." Muuza nyanya, mzee wa kanisa, mbwa wa jirani, wote waliambiwa hivyo hivyo. Watoto wa laini wakambatiza jina Andaestimeti, na yeye aliposikia hakukasirika, alidhani ni cheo. Nyani haoni kundule, na huyu hata kioo alipewa akakitumia kunyolea ndevu.

Likizo moja, Eddah akiwa sasa mwalimu kamili, alikaa na baba yake mlangoni wakisubiri ugali. Okeyo alikuwa amesimulia jinsi alivyomkomesha karani fulani, na bila shaka neno lilikuwemo. Eddah akacheka.

"Baba, hii verb inataka watu wawili. Kuna mwenye anafanya na mwenye anafanyiwa. Wewe kila siku uko upande wa kufanyiwa."

"Kwa sababu ndio ukweli. Watu wa hapa wananiunderestimate tangu nizaliwe."

"Na wewe umewahi kuunderestimate nani?"

"Mimi?" Okeyo alishangaa kweli. "Mimi niko na macho, Eddah. Mtu akisimama mbele yangu naona mpaka ndani."

"Hapo ndio shida iko. Hakuna mtu husema 'I am underestimating'. Ukishajua unafanya hivyo, umeacha. Watu hulitumia baadaye tu, mambo yakishaharibika. Hata wanafunzi wangu nawaambia hivyo."

Celine alikuwa jikoni, na Kiingereza hakukijua, lakini masikio alikuwa nayo. "Mwalimu," aliita huku akigeuza ugali, "na ile ya kuona kitu kubwa kuliko vile iko, inaitwa nini?"

"Overestimate, mama."

Celine akamtazama mumewe, akapakua ugali. Eddah alicheka mpaka akashika ukuta. Okeyo aliuliza wanacheka nini, akawekewa sahani, basi akala.

Mwaka uliofuata mashine za kuchuma ziliongezwa shambani. Mashine moja ilipita juu ya michai ikinguruma na kufagia kazi ya wanawake wengi, na makundi ya wachumaji wa mikono yakaanza kuunganishwa. Makundi yakiungana, wanyapara nao wanazidi. Meneja wa shamba, bwana mmoja kutoka Murang'a aliyeitwa Muriuki, hakuficha jambo. Aliwaambia wanyapara kwamba atabaki yule ambaye kundi lake halina watoro, na wengine wataondoka na nyumba watarudisha. Okeyo alikuwa na zaidi ya miaka hamsini. Kwao ziwani hakuwa amejenga hata banda la kuku. Akiondolewa, angeteremka wapi na vyombo vyake?

Kisha Muriuki akamwita kando.

"Okeyo, kundi lako liko sawa. Lakini nasikia maneno. Nasikia kuna mama mmoja kwako haulizwi kitu, akitaka kwenda anaenda, kwa sababu mnalala nyumba moja."

Ulikuwa uongo mtupu. Celine hakuwahi kuomba ruhusa hata siku aliyofiwa na mamake, alisubiri Jumapili. Okeyo angeweza kusema hivyo na mambo yakaisha. Lakini mtu mwenye kiburi hujitetea kwa kuahidi, si kwa kusema kweli.

"Kwa kazi sina bibi, sir. Don't underestimate me."

Muriuki akatabasamu. "Nitapita nione mwenyewe."

Akapita kweli, asubuhi moja. Kabla hawajatoka nyumbani, Celine alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akishikilia bega la kushoto, chai yake ikipoa.

"Baba Eddah, hii bega imeniuma usiku wote. Na kifua inabana, kama mtu ameketi juu yake."

"Ni kikapu hiyo," Okeyo akasema akifunga viatu. "Jipake dawa ya kuchua."

Akajipaka. Wakatoka, Okeyo mbele na mkewe nyuma. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya michai, na umande wa huko si wa mchezo. Mchumaji akiingia tu mstarini, aproni yake ya plastiki inatiririka maji na uso unaloa. Pikapu ya Muriuki ilikuwa imesimama mwisho wa shamba, naye amekaa ndani, kioo kimeshushwa. Okeyo alipoiona alinyoosha mgongo na sauti yake ikapanda. Wanawake wakaingia kazini.

Celine hakuingia. Alikwenda kwa nyapara kama utaratibu unavyotaka, akasimama mbele yake kama mchumaji mwingine yeyote, kikapu kikiwa mgongoni.

"Nyapara, naomba kwenda zahanati."

Hakumwita Baba Eddah. Alimtunzia heshima yake mbele ya mkubwa wake, na nataka hilo likumbukwe, kwa sababu yeye hakutunziwa chochote. Okeyo aliutazama uso wake. Ulikuwa umelowa kutoka paji mpaka kidevuni, matone yamejipanga juu ya mdomo, na yeye aliona umande. Kila uso uliokuwa pale ulikuwa na umande. Ule wa Celine ulikuwa jasho, tena jasho la baridi, na kama angenyoosha kidole kuufuta, kama mume anavyomfuta mkewe, angehisi tofauti. Lakini pikapu ilikuwa pale.

"Ingia hapo uchume nione," akasema.

Nyabate alikuwa mstari wa jirani. Aliona mwenzake anavyovuta pumzi kwa mdomo, akainama kama anayefunga aproni na kunong'ona, "Punguza mikono, mama Eddah. Punguza, akuachilie. Wewe unajua huyu."

Celine alijua. Hakuna aliyelala kitanda kimoja na kipimo hicho miaka yote asiyejua tundu lake lilipo.

"Nimdanganye baba ya mtoto wangu mbele ya watu?" akamjibu. "Wacha aone tu vile niko."

Akasimama mbele ya mchai, na mikono ikafanya ilichojua. Majani mawili na kichipukizi, kushoto, kulia, konzi ikaruka juu ya lile bega lililokuwa linamchoma, ikatua kikapuni. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu na midomo imekauka, lakini Okeyo hakuwa anaangalia uso. Aliangalia mikono, na mikono ilikuwa ya ajabu siku hiyo, mizuri kuliko ya mtu yeyote katika kundi. Moyo wake ukatulia kabisa. Akageuka kidogo ili sauti ifike kwenye pikapu.

"Mikono iko sawa! Mama, usifikiri kwa sababu ni mimi utapita. Don't underestimate me. Rudi kwa mstari."

Wawili watatu wakacheka, maana kicheko cha mbele ya meneja ni sehemu ya kazi. Celine akamtazama mumewe.

"Sawa, nyapara," akasema, akarudi.

Alichuma. Watu waliokuwa karibu wanasema alichuma vizuri tu, wala hakulalamika tena. Jambo la kwanza lililomshtua Nyabate ni majani. Konzi ya Celine ilipita pembeni ya kikapu na kumwagika chini. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona Celine akikosa kikapu. Ikafuata nyingine, nayo ikaanguka chini. Nyabate akapaza sauti kumwita nyapara, na Okeyo akaja mbio, kwa sababu majani yaliyomwagika huonekana kutoka mbali na pikapu ilikuwa haijaondoka.

"Wewe! Unamwaga majani ya kampuni?"

Celine alikuwa ameinamia mchai. Michai ya shamba lile imepandwa kwa kubanana, na juu imekatwa sawasawa kama meza, hivyo mtu akikata pumzi katikati yake hafiki chini. Inambeba. Kifua cha Celine kilikuwa kimelala juu ya majani na mikono yake yote miwili imetangulia mbele, vidole ndani ya vichipukizi, na kwa mtu aliyesimama nyuma yake alionekana ameegemea kupumzika.

"Simama! Unalalia chai? Mama Eddah, nasema simama! Unanionyesha madharau mbele ya meneja?"

Alimfokea maiti. Alimfokea mara ya pili, na alikuwa amevuta pumzi ya tatu, Nyabate alipokisukuma kikapu pembeni, akamgeuza Celine uso na kuanza kulia kwa sauti ambayo wanawake wa mistari yote waliielewa kabla hawajafika.

Muriuki mwenyewe ndiye aliyeupakia mwili kwenye pikapu. Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia, akamshika Okeyo bega, akamwambia, "Pole sana, mzee." Kisha alipokwisha kuwasha gari akatoa kichwa dirishani akauliza ni nani atakayemaliza mstari ule, maana majani yalikuwa yamekwisha kupitiliza umri wa kuchumwa.

Wakampeleka Celine kuzikwa kwa kina Okeyo, upande wa ziwa. Hapo ndipo aibu ya pili ilipomngoja. Kwa desturi yao, mke huzikwa kando ya nyumba ya mumewe, na maiti yake sharti ilale ndani ya nyumba hiyo kabla ya kaburi. Nyumba gani? Tangu Eddah akiwa tumboni Celine alikuwa amemwomba mumewe wajenge, hata chumba kimoja, hata cha udongo, asije akafa akiwa mgeni. Okeyo alimjibu kila mara kwamba mwakani. Sasa ndugu yake Omollo, pamoja na vijana wa kijiji, walikata miti asubuhi na kugongomea mabati mchana, na sanduku likaingizwa jioni katika nyumba isiyokuwa na dirisha wala kitasa. Celine akapata nyumba. Alilala ndani yake usiku mmoja.

Kwenye matanga maneno yalikuwa yanasambaa kwamba marehemu alikuwa na moyo mbovu na akauficha. "Mficha maradhi kilio humfichua," wazee walisema, wakatikisa vichwa kwa masikitiko, na kila habari hiyo ilipofika masikioni mwa Okeyo, hakuikanusha. Aliikaribisha. Mpaka siku ya mazishi ilikuwa imekomaa kiasi kwamba hata yeye alikuwa anaanza kukumbuka jinsi mkewe alivyoficha.

Akapewa kipaza sauti aseme juu ya marehemu. Alikuwa amevaa suti ya Omollo. Alianza kwa lugha ya nyumbani, akawashukuru watu, akaishukuru kampuni kwa kutoa gari. Kisha akafika mahali ambapo mume aliyekuwa karibu na mkewe dakika za mwisho hutarajiwa kueleza, na akahamia Kiingereza. Kiingereza chake kilikuwa kidogo lakini kilimtosha kujifichia.

"My people," alisema, "we underestimated the sickness."

Watu wa msibani hupenda Kiingereza, na wengi walitikisa vichwa. Lakini bibi mmoja wa mbele, shangazi yake Celine, akauliza amesema nini. Msimamizi wa shughuli akaona vizuri mwalimu Eddah atafsiri, kwani ndiyo kazi yake, na akampa kipaza sauti bila kufikiri.

Eddah akasimama. Nyabate alikuwa amesafiri na wachumaji wenzake, amekaa nyuma chini ya hema, na kabla ya hapo alikuwa amemweleza Eddah kila kitu, pamoja na kile alichomnong'oneza mama yake na alivyojibiwa.

"Baba anasema," Eddah akasema kwa lugha ya nyumbani, polepole, kama anayesomea darasa imla, "kwamba mama alimwambia anaumwa. Asubuhi alimwambia nyumbani, na shambani akamwambia tena. Baba akamtazama mikono, akamrudisha kazini. Akafa. Baba akamfokea asimame." Akamrudishia msimamizi kipaza sauti. "Hiyo 'we' amesema, sijui ni kina nani. Mimi sikuwa hapo."

Okeyo alibaki amesimama kando ya sanduku, mikono ndani ya mifuko ya suti ambayo si yake, na alichohisi wakati huo, Mungu amsamehe, si majuto. Alihisi kuonewa. Alijiambia kwamba hata mwanawe mwenyewe alikuwa hajui thamani yake.

Eddah aliondoka jioni hiyo hiyo kurudi Ndanai bila kumuaga baba yake, na simu zake hakuzipokea tena.

Okeyo alirudi shambani. Muriuki hakumwondoa. Makundi yalipounganishwa, ndiye aliyebakizwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini, maana nyapara aliyemkatalia hata mkewe ni nyapara wa kampuni hasa. Alipewa kundi kubwa na nyumba ile ile. Alikula peke yake. Wachumaji walimsalimia kwa heshima, na alipopita mstarini mazungumzo yalikatika. Kuhusu ruhusa za zahanati, kwa majuma mengi hakuna aliyekwenda kwake, mzima wala mgonjwa. Waliougua waliugua kimya.

Mpaka asubuhi moja alipojitokeza Aluoch. Alikuwa mama wa makamo, aliyeanza kuchuma mwaka mmoja na Celine, na kundini hakuwa na historia ya kulalamika. Jua lilikuwa limepanda na michai imekauka. Alisimama mbele ya Okeyo, mkono wa kulia umeshika bega la kushoto.

"Nyapara, kifua inanibana. Naomba niende nionwe."

Kundi zima likasimama. Hakuna aliyeamuru, ila vikapu vilitulia na macho yakageuka, mstari kwa mstari.

"Ingia hapo," Okeyo akasema, na sauti yake haikuwa na ile nguvu. "Uchume nione."

Aluoch akaugeukia mchai, na mikono yake ikaanza. Kushoto, kulia, konzi juu ya bega, ndani ya kikapu. Haraka, safi, bila yeye.

Usinidanganye kwamba safari hii Okeyo hakuona. Aliona. Aliona uso wenye rangi ya jivu, aliona matone juu ya mdomo wakati hapakuwa na umande popote shambani, aliisikia pumzi inavyokwama. Alijua anachokitazama kama anavyolijua jina lake. Lakini alijua na jambo jingine, na ndilo lililomshika ulimi. Akimwachilia Aluoch mwenye mikono hii, basi na Celine alistahili kuachiliwa, na mbele ya watu wote hawa atakuwa amekiri kwamba alimuua mkewe kwa ajili ya kumfurahisha mtu aliyekaa ndani ya pikapu. Akimkatalia, basi kipimo ni kipimo, hakikumkosea mtu, na Celine alikufa kwa siku yake kama wafavyo wote. Ilikuwa ni Aluoch au yeye.

Wanawake walimngoja.

"Mikono iko sawa," Okeyo akasema. "Rudi kwa mstari."

Aluoch akakiweka sawa kikapu chake, akarudi.